Picha sita za mzee mmoja, na sura ambayo mama aliikataa

Dada mmoja alifika kwangu Nasser Road, Kampala, mwezi wa pili mwaka 2023, ametoka Tororo na basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 200, amebeba Biblia ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, na ndani ya Biblia kuna picha za baba yake. Mzee alikuwa amefariki karibu mwaka mzima, misa ya kumbukumbu imebaki wiki tano, na nyumbani hakuna hata picha moja ya kuweka mbele ya watu. Yaani picha zilikuwepo, sita, lakini kila moja na shida yake, akaniambia hivi: "Fundi, mimi nataka uchukue hizi zote unitolee baba mmoja."

Hilo neno la kutoa baba mmoja ndo kesi yenyewe. Naiandika yote kwa sababu nilikosea mwanzoni, tena kosa ambalo naona mafundi wengi wa picha hapa Kampala wanalifanya kila siku na wateja wanalipa wananyamaza wanaenda zao. Na naiandika Kiswahili kwa sababu ndo lugha tuliyofanyia hiyo kazi, baba yake alikuwa mtu wa reli, mimi nimekulia kambi ya jeshi upande wa Jinja, hatukuhitaji lugha nyingine.

Nianze na picha zenyewe. Ya kwanza ni ya 1971, nyeusi na nyeupe, saizi ya postikadi, mzee ana miaka 25, amesimama studio na yunifomu ya East African Railways, kofia kichwani. Hiyo ilikaa kwenye fremu miaka mingi bila nafasi kati ya picha na kioo, unyevu ukaingia, sasa picha imegandana na kioo. Dada alitaka kuivuta nikamshika mkono. Picha ikishagandana hivyo usiivute kabisa, ile gelatini ya juu yenye sura ndo imeshika kioo, ukivuta sura inabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi. Nikaipiga na kamera hivyo hivyo ndani ya kioo chake, karibu na dirisha, mwanga unatoka pembeni, nyuma yangu nimetundika kitambaa cheusi ili kioo kisinirudishie taa.

Ya pili ni ya harusi ya mdogo wake mzee, 1984, ya rangi, watu wamejipanga mistari mitatu, sura ya mzee ni saizi ya punje ya maharage na picha yote imegeuka nyekundu. Printi nyingi za rangi za miaka ile zinakuwa hivyo hata zikikaa gizani ndani ya albamu, manake kati ya zile rangi tatu za kwenye karatasi ile ya bluu-kijani inakufa kabla ya wenzake. Hilo halinisumbui sana, unairudisha rangi moja moja mpaka shati jeupe linakuwa jeupe.

Ya tatu ni pasipoti saizi ya 1998, imetoka kwenye faili lake la kazi, ana miaka 52 na anatazama mbele moja kwa moja, ila muhuri wa ofisi umepita juu ya kidevu na pini ya stepla imeacha kutu kwenye paji la uso. Ya nne ni ya 2006, siku ya introdakshoni ya huyu huyu dada, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, mzee amevaa Kaunda suti ya kijivu, anacheka, kichwa kimegeuka kidogo, flashi imempiga usoni. Ya tano ni ile ya kitambulisho cha taifa, aliandikishwa 2014, ndogo na ina mistari ya usalama juu yake. Ya sita ni selfi ya Krismasi 2021, mjukuu ndo ameshika simu, mzee yuko karibu kabisa na kamera ana ndevu nyeupe, ikatumwa WhatsApp halafu ikatumwa tena kwa shangazi halafu shangazi akaituma kwa dada, na WhatsApp ikituma picha inaibana.

Kwenye kitambulisho nilifunika namba na maandishi yote nikaskani sura tu. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na hata isingekuwepo, namba ya kitambulisho cha mtu, awe hai au amefariki, haina kazi ndani ya kompyuta ya fundi wa picha. Wateja wanashangaa nikiwaambia hivyo lakini nawaomba mzoee kudai hicho kitu popote mnapopeleka karatasi zenu.

Sasa kosa. Dada alitaka picha ya A2, ile ya kusimamisha mbele ya madhabahu. A2 ina upana wa milimita 420, pasipoti saizi ina kama 35, kwa hiyo ungeikuza mara kumi na mbili, na pasipoti ya 1998 haina siri nyingi hivyo ndani yake, hata ukiiskani kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, unachoongeza ni nyuzi za karatasi. Nikafikiri hivi: kila picha ina kidogo, nikizichanganya zote zitajazana. Kwenye picha za aina nyingine hiyo ni kweli kabisa, ukipiga kitu kimoja mara nne bila kutikisa kamera ukachukua wastani, zile chembe chembe za kelele zinapungua nusu, ukipiga mara tisa zinabaki theluthi.

Nikaweka picha sita leya juu ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka kwenye kompyuta, nikazungusha na kukuza kila moja mpaka mboni zikakaa juu ya mboni. Halafu nikapanga kila leya ifunike zilizo chini yake kwa kiasi gani: ya chini asilimia 100, inayofuata 50, halafu 33, halafu 25, 20, na ya juu kabisa 17. Hizo namba zina maana, ndo zinafanya kila picha itoe mchango sawa, manake ukiweka zote 50 ile ya juu inameza nusu ya picha nzima peke yake. Ikatoka sura laini, ya upole, yenye mwanga. Masikio yalikuwa mawili mawili kila upande nikasafisha, kola nikasafisha, nikaona kazi imeiva. Nikachapa A4 ya kuangalia. Na kwa sababu sikutaka kubishana na familia kwa simu nikapanda basi mwenyewe kwenda Tororo.

Mama aliishika ile A4 muda mrefu sana. Alikuwa amekaa mlangoni palipo na mwanga, aliiweka mbali, akaisogeza karibu, akafunika mdomo wa ile picha kwa kidole gumba akatazama macho tu, halafu akafunika macho akatazama mdomo. Mwisho akasema, "Huyu ni mtu wa kwao. Anaweza kuwa ndugu yake. Lakini si yeye."

Hakuna mtaalamu angesema vizuri kuliko pale. Nilichotengeneza kilikuwa ndugu yake.

Kuna Mwingereza aliitwa Francis Galton, miaka ya 1870 alikuwa anachukua picha za watu mbalimbali anazipiga zote juu ya sahani moja ya kamera, kila moja anaipa sehemu ndogo tu ya muda, kama ni picha nane kila moja inapata moja ya nane, na macho ndo alikuwa anayalinganisha, vile vile kama nilivyofanya mimi. Alikuwa anatafuta eti sura ya mhalifu inafananaje. Hakuipata, alichopata ni sura laini ya kupendeza kuliko watu wenyewe, manake kovu la huyu na pua iliyopinda ya yule vinafutana, kinachobaki ni kile wanachoshirikiana. Huyo huyo ndo alianzisha mawazo ya kuchagua binadamu wa kuzaa na wa kutozaa, mawazo yaliyoleta balaa duniani, na hilo ni vizuri lijulikane. Lakini alijaribu pia kitu cha karibu na kesi yetu, alichukua medali sita za zamani zenye sura ya Aleksanda Mkuu akazichanganya apate Aleksanda mmoja.

Na kuchanganya picha za mtu mmoja kunafanya kazi, nisiwadanganye. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Glasgow, Rob Jenkins na Mike Burton, walionyesha kwenye jarida la Science kwamba kompyuta ikipewa wastani wa picha nyingi za mtu inamtambua vizuri zaidi kuliko ikipewa picha moja, manake kivuli cha siku hii na taa ya siku ile vinajifuta, anabaki mtu. Sasa tofauti na kazi yangu ni nini? Wao wanakuwa na picha nyingi, mimi nina sita. Na za kwangu zinaanzia miaka 25 mpaka 75. Hapo kinachobadilika si taa peke yake, ni mtu mwenyewe, ngozi imeshuka, masikio yamerefuka, nywele zimerudi nyuma, meno mawili hayapo. Nikachukua kijana wa reli nikamchanganya na babu wa Krismasi, nikapata mtu ambaye hajawahi kuishi siku hata moja.

Halafu mama akauliza, "Na kovu lake liko wapi?"

Mzee alikuwa na kovu kwenye nyusi, alianguka na baiskeli 1975, sehemu ndogo ambapo nyusi imekatika haikuota tena. Nikafungua kompyuta nikaangalia picha moja moja. Pasipoti, kovu liko nyusi ya kushoto. Introdakshoni, kushoto. Kitambulisho, kushoto. Harusi ya 1984, kulia. Selfi, kulia. Ya 1971 hakuna, bado hajaanguka. Kwa hiyo kwenye mchanganyiko wangu nyusi zote mbili zilififia kidogo kidogo na kovu halikuonekana popote, na mimi nilikuwa nimeona huo ufifio nikadhani ni picha mbovu.

Ubishi ukaanza hapo sebuleni. Mwana wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliapa kovu lilikuwa kulia, selfi iko kwenye simu yake anaitazama kila siku. Shangazi akasema kushoto, yeye ndo alimfunga kitambaa siku ile ya baiskeli. Mama akanyamaza, baadaye akaniambia alipoona watoto wanabishana na yeye akaanza kusahau, na hilo lilimuuma kuliko kitu kingine cha siku ile.

Sasa hapa nataka mtu anayefanya hizi kazi asome taratibu. Selfi ni rahisi, simu nyingi kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo na zingine zinahifadhi hivyo hivyo, kushoto inakuwa kulia. Lakini ya 1984 ni printi ya filamu, nani aligeuza? Kwenye ile picha hakuna kibango wala maandishi yoyote ya kusoma. Nikaikuza nikaanza kutazama nguo. Koti la mwanaume lina mfuko wa kifua upande wa kushoto wa aliyevaa, na upande wa kushoto ndo unalala juu ya wa kulia ukifunga vifungo. Kwenye ile harusi wanaume waliovaa koti wanahesabika kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja mfuko uko kulia, leso ya bwana harusi iko kulia, vifungo vimelala kinyume. Mafundi kumi na mmoja wa nguo hawawezi kukosea namna moja. Maana yake aliyechapa picha aliweka negativu upande usio wake kwenye mashine, ikatoka kinyume, na familia imeitazama hivyo miaka karibu arobaini bila kujua. Nikaigeuza pale pale mbele yao. Kovu likarudi kushoto. Shangazi alipiga makofi mara moja tu halafu akaanza kulia.

Kwa hiyo ukiletewa picha zaidi ya moja za mtu, kabla ya kugusa chochote hakikisha zote zinatazama upande wa kweli. Vifungo, mfuko, mkono wenye saa, mgawanyo wa nywele, maandishi yoyote. Uso wa mtu hauko sawa pande mbili, jicho moja liko juu kidogo, mdomo unavutika upande mmoja, na hizo tofauti ndogo ndo zinamfanya awe yeye. Ukichanganya picha ya kawaida na iliyogeuka umempa pande mbili zinazofanana, umeshamfuta.

Baada ya hapo nikauliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza kule Nasser Road, na sasa nauliza kila mteja kabla sijawasha skana: mnataka mzee wa mwaka gani?

Wakatazamana. Ikawa wazi kila mtu alikuwa na mzee wake. Kijana wa mwisho baba yake ana ndevu nyeupe na fimbo, huyo wa pasipoti karibu hamjui. Shangazi anamwona wa yunifomu, alipokuwa anapanda treni kwenda upande wa Soroti na kurudi. Mama alifikiri halafu akasema yeye anamtaka yule wa kabla mguu haujaanza kumsumbua, yule aliyecheka siku mkwe alipoleta mbuzi. Yaani 2006, au hapo karibu. Watoto wakakubali kwa sababu amesema mama, na hiyo ilinitosha.

Uamuzi huo ndo ulimaliza nusu ya kazi. Ukishasema mwaka, kila picha inajua kazi yake. Pasipoti ya 1998 ikawa picha mama, ile inayobeba mifupa yote, umbali wa macho, upana wa taya, urefu wa pua, kwa sababu inatazama mbele na imepigwa kutoka mbali kiasi. Ile ya 2006 ikatoa umri: mikunjo, mvi za panja, rangi ya ngozi, na nguo. Picha nyingine nne nikaziweka pembeni kama mashahidi, zinaulizwa pale tu ambapo hizi mbili hazina jibu.

Mfano kidevu. Kwenye pasipoti kimefunikwa na muhuri, kwenye 2006 kimevutika kwa kucheka. Shangazi alisema mzee alikuwa na kishimo kidevuni. Nikaenda kwenye harusi, iliyokwisha kugeuzwa, kishimo kipo. Kitambulisho, kipo. Mashahidi wawili na shangazi wa tatu, nikakiweka. Lakini sikunakili kidevu cha 1984 nikabandika, kwa sababu pale jua lilikuwa utosini na kivuli kinaanguka chini, na pasipoti imepigwa na taa ya mbele, ukibandika hivyo mtu anaonekana ana kidevu cha kuazima. Nilichukua umbo tu. Namna yake unaitenganisha picha mara mbili, leya moja inabaki na vivuli na rangi vikiwa vimefifishwa, leya nyingine inabaki na ngozi yenyewe, vinyweleo na mikunjo. Vivuli nikavichora upya kufuata taa ya pasipoti, ngozi nikaichukua kwenye 2006. Kidevu peke yake kilinichukua jioni nzima.

Selfi nayo, kijana alitaka itumike sana kwa sababu ndo yenye pikseli nyingi. Nikamwonyesha kwa rula. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni kama sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 40 kutoka puani, sikio liko 52, kwa hiyo pua inakuzwa kuliko sikio kwa asilimia 30. Ukipigwa kutoka mita mbili, pua iko 200 na sikio 212, tofauti ni asilimia 6 tu. Ndo maana kila mtu kwenye selfi ana pua kubwa na masikio yamekimbilia nyuma. Si lenzi mbaya, ni ukaribu. Sura kama hiyo huwezi kuipangilia juu ya pasipoti hata uivute vipi, ukilinganisha macho pua inakataa, ukilinganisha pua taya inakataa. Lakini selfi ilinipa kitu kimoja kizuri sana, kidoadoa cheusi chini ya jicho la kulia, kidogo kama mbegu ya simsim, ambacho picha nyingine zote hazikuwa na ukali wa kukionyesha. Swali likawa, alikuwa nacho 2006 au kilikuja na uzee? Nikamuuliza mama. Akajibu bila kufikiri kwamba alikiona siku ya kwanza walipokutana. Basi kikawekwa, upande wake wa kweli.

Kabla sijaendelea niseme kuhusu picha ambayo kijana alikuwa ameshaitengeneza mwenyewe. Aliingiza ile pasipoti kwenye programu moja ya simu inayosafisha sura, ikatoka kali kama ya jana, kope zimesimama moja moja, ngozi inang'aa, na kwa mbali ilivutia kweli, hata mimi nilishtuka. Halafu ukiitazama vizuri ngozi imekuwa nyeupe kuliko mzee, pua imechongwa, nyusi imejazwa pale penye kovu. Zile programu zimefundishwa kwa sura za watu wengi sana, pale picha yako isipokuwa na taarifa zinajaza na kile zilichokiona mara nyingi kwa wengine. Yaani anachokosa baba yako anaazimwa kwa watu ambao hamuwajui. Kijana hakuwa na kosa, alikuwa anamtafuta baba yake kwa kifaa alichonacho mkononi. Nilimwambia aihifadhi, ila asiipeleke kanisani.

Hapa Uganda, kwa Luganda, picha ni ekifaananyi, na neno hilo linatoka kwenye kufanana, fanana ile ile ya Kiswahili. Nimekaa na hilo neno miaka mingi kwenye hii kazi. Sisi kwenye Kiswahili tunasema picha na neno halituambii chochote kuhusu wajibu wake, lakini majirani zetu wameuweka wajibu ndani ya jina, kitu kinachofanana. Kama hakifanani, kiwe kikali namna gani, bado hakijawa ekifaananyi.

Nguo nazo ziligombaniwa. Dada alitaka nimvalishe suti nyeusi na tai, na mjini hiyo ni kazi ya dakika kumi, kila studio ina mafaili ya suti zisizo na vichwa. Nikamuuliza kama mzee aliwahi kuvaa tai. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile, akasema Kaunda suti ilikuwa ngozi yake ya pili, na kalamu mfukoni siku zote hata Jumapili. Tukaacha Kaunda suti ya 2006 na kalamu yake. Shingo ilibidi niizungushe kidogo kwa sababu kichwa cha 2006 kilikuwa kimegeuka na cha pasipoti kimenyooka, kola ikakataa kukaa, nikaichora upya nikitazama Kaunda suti yenyewe, bado ilikuwa imetundikwa chumbani na mama akaileta.

Kilichobaki nilimalizia Kampala kwa wiki mbili. Kutu ya paji la uso, muhuri, mistari. Mwisho kabisa nikaweka chembe chembe za aina moja juu ya picha nzima, hiyo hatua wengi wanairuka, bila hiyo kila kipande kinabaki na ngozi ya karatasi yake na jicho linaona viraka hata kama halijui linaona nini. Kwa A2 nilitoa pikseli 2480 kwa 3508, hiyo ni dpi 150, inatosha kwa picha ya kutazamwa ukiwa umesimama mita mbili. Ningeweza kulazimisha 300, lakini ningekuwa natunga ngozi.

Nikarudi Tororo nayo imeviringishwa kwenye bomba la kadibodi. Safari hii sikumwonyesha mama kwanza. Nilimwomba dada aite mzee mmoja jirani, walifanya naye kazi reli mpaka shirika la pamoja likavunjika 1977 na baadaye hapa hapa, na hakuambiwa chochote. Niliisimamisha ukutani, akaingia na fimbo yake anasalimia watu, akafika katikati ya sebule akaitazama, akavua kofia. Akamtaja mzee kwa jina la utani ambalo watoto walikuwa hawajawahi kulisikia.

Mama ndo akaja. Akafunika mdomo kwa kidole, akatazama macho. Akafunika macho, akatazama mdomo. Akagusa kovu. Akasema sikio la kushoto nimelikaza sana, lilikuwa limelegea kidogo kwa chini. Nikafungua ile ya 1971, sikio linaonekana chini ya kofia, ndewe imening'inia vile vile alivyosema, nikalirekebisha pale pale kwenye kompyuta na tukachapa upya mjini Mbale kesho yake asubuhi kwa sababu ndo palikuwa na mashine ya saizi hiyo karibu.

Nyuma ya picha, kwa penseli laini, niliandika kwamba hii imeunganishwa mwaka 2023, sura ni ya 1998, umri na nguo ni vya 2006, kishimo ni kwa ushahidi wa 1984 na 2014, sikio ni la 1971, kidoadoa ni cha 2021 na mama amethibitisha. Nikawapa na flashi yenye skani zote sita jinsi zilivyo, bila kusafishwa, nikawaomba wazihifadhi mahali pawili tofauti. Picha ya kuunganisha ikiachwa bila maelezo, wajukuu watakuja kudhani ni picha iliyopigwa siku moja, watajiuliza ilikuwa siku gani na hakutakuwa na mtu wa kuwajibu.

Misa ilifanyika, nilialikwa lakini sikuweza kwenda. Kijana wa mwisho alinipigia simu kama mwezi baadaye. Anamtaka na yeye baba yake, yule wa ndevu nyeupe na fimbo. Nimemwambia inawezekana, lakini selfi peke yake haitatosha kwa sababu ya ile pua, nahitaji angalau moja iliyopigwa kutoka mbali kati ya 2018 na 2021. Anasema binamu yake Mbale ana video ya ubatizo ambapo mzee anaonekana amekaa nyuma kabisa, kama sekunde nane hivi. Nimemwambia ailete kwenye flashi, asiitume WhatsApp.